Fremu ya kidijitali ya picha kwa mama aliyeko Tanga, wewe uko Uingereza: ununue ipi

Kuna dada yuko Reading kaniandikia hivi: "Asalaam alaykum kaka fundi. Mama yangu yuko Tanga, ana miaka 74, macho yamepungua na simu kubwa hataki hata kuigusa, ile ya batani inamtosha. Nataka nimnunulie ile fremu ya picha ambayo natuma picha nikiwa huku inatokea kule sebuleni kwake. Waifai nyumbani hamna ila mdogo wangu anaenda kila jumamosi. Bajeti pauni 100. Nimeangalia mtandaoni mpaka kichwa kinauma, zote naona zinafanana. Ninunue ipi?"

Waalaykum salaam dada yangu, na mama nifikishie shikamoo yangu. Nitakujibu kwa urefu maana swali hili naletewa sana na watu walioko nje, na wengi wananiletea wakati fremu imeshafika, imekaa juu ya kabati miezi sita haiwaki. Wewe umewahi kuuliza, kwa hiyo tutaenda vizuri.

Jibu la ipi ununue umeshaliandika mwenyewe pale uliposema waifai hamna ila mdogo anaenda jumamosi. Hizi fremu za kutumiwa picha kutoka mbali ziko za namna mbili, na kwenye boksi hawakuambii waziwazi. Kuna ambazo picha zinakaa kwenye seva za kampuni, fremu inazivuta kwa intaneti, yaani yenyewe inataka iwe hewani muda wote. Fremu za kampuni ya Aura ni za hivyo. Ni fremu nzuri, rangi zake nazikubali kabisa, na mtu mwenye waifai ya kudumu nyumbani kwa wazazi namwambia achukue bila kusita, ila kwa nyumba ya mama yako usiiguse. Alafu kuna ambazo zinapokea picha zinazihifadhi ndani kwenye memori yake, intaneti ikiondoka picha zinaendelea kupita kama kawaida. Zile zenye apu ya Frameo ndo ziko hivyo, hiyo ni kampuni ya Denmark na apu yao inawekwa kwenye fremu za majina kibao, ndo maana unaona zote zinafanana, ni kweli zinafanana. Tafuta hiyo, na hakikisha kwenye maelezo wameandika memori ya ndani GB 16 au 32. Hata hiyo ya 16 ukitoa nafasi inayoliwa na mfumo wenyewe bado inameza picha zaidi ya elfu mbili za simu, mama hatozimaliza.

Sasa mpango wako utakuwa hivi: jumamosi mdogo akifika anawasha hotspoti, we kule umeshaziandaa picha zako za wiki, unamuuliza "upo?", akisema nipo unazituma, dakika chache zimeingia, anazima hotspoti yake basi. Bando halimuumizi, picha ya simu ya kawaida ni kama MB 2 mpaka 5, kwa hiyo picha 15 au 20 hazizidi MB 100.

Lakini hapo kwenye hotspoti kuna kitu kimeshatesa watu wengi. Fremu nyingi za bei hiyo zinashika waifai ya 2.4 GHz tu, hii ya 5 GHz haziioni kabisa, sio kwamba zinaishika vibaya, haitokei hata jina kwenye orodha. Na simu nyingi za siku hizi zinarusha hotspoti kwa 5. Mdogo wako akiwa na Android aingie kwenye setingi za hotspoti abadilishe iwe 2.4, akiwa na iPhone 12 kwenda juu kuna swichi palepale kwenye hotspoti imeandikwa "Maximize Compatibility", aiwashe. Nimepigiwa simu na mtu analia kabisa kwamba ametuma fremu mbovu kwa baba yake Moshi, kumbe ni hiyo swichi tu. Alafu mdogo asibadilishe jina wala nywila ya hotspoti yake baada ya hapo, fremu ikishaikariri jumamosi zote zinazofuata itajiunga yenyewe mama hana hata habari.

Tukija kwenye skrini. Hapa ndo matangazo yanapowachanganya watu. Fremu ya inchi 10.1 kwa bei yako utaikuta ya pikseli 1280 kwa 800, na ya chini yake 1024 kwa 600. Hiyo ya pili iache. Ukitafuta unakuta na za 1920 kwa 1200 bei imepanda. Je mama atafaidika na hizo za juu? Dada, mtu anayekaa kwenye kochi mita moja na nusu kutoka kwenye fremu, hata mwenye macho mazima, tofauti ya hizo pikseli haioni, ataiona akiisogelea kama anasoma kitabu. Kwa mama ambaye macho yamepungua hela yako ipeleke kwenye ukubwa na kwenye aina ya kioo. Neno la kutafuta ni IPS. Skrini ya IPS ukiitazama kutoka pembeni sura haigeuki nyeusi wala rangi haziwi kama negativu, na sebule ya kwetu mtu haketi mbele ya fremu, anaketi alipozoea kuketi. Na ukiona wameandika "inasapoti 1920x1080" kuwa makini, mara nyingi maana yake ni kwamba inaweza kufungua picha ya ukubwa huo, sio kwamba skrini yenyewe ina pikseli hizo. Tafuta palipoandikwa pikseli za skrini yenyewe, wasipoandika hao wanakuficha kitu.

Kuna jambo jingine la skrini ambalo sijaona muuzaji akilisema na kwangu ndo kubwa kuliko pikseli. Picha zetu nyingi za simu tunapiga simu ikiwa imesimama, mtoto kasimama mlangoni na yunifomu, bibi harusi kasimama, we mwenyewe umesimama kwenye theluji. Fremu ya inchi 10.1 ikilazwa, kimo cha skrini ni sentimita kama 13 na nusu tu, kwa hiyo hiyo picha iliyosimama inatokea na upana wa sentimita 10, pembeni kote weusi, unakuwa umenunua fremu kubwa unaangalia kadi ya posta. Isimamishe hiyohiyo fremu na picha ileile inakuwa sentimita 13 na nusu kwa 18. Kwa mama yako hiyo ndo tofauti ya kumtambua mjukuu na kuuliza "huyu nani". Kwa hiyo angalia fremu iwe na mguu unaokubali pande zote mbili, na iwe inageuza picha yenyewe ukiisimamisha. Wengine wana setingi ya kujaza skrini nzima, hiyo inakata picha ili weusi upotee, mimi naizima maana inakata vichwa vya watu.

Umeme sasa. Hapa wewe wa Uingereza una bahati, plagi yenu ya pini tatu na yetu ni moja na volti ni zilezile 230, adapta inaingia ukutani moja kwa moja. (Anayesoma hii yuko Marekani aangalie adapta iwe imeandikwa 100-240V, alafu anunue kichwa cha plagi tu.) Ila angalia upande wa pili wa adapta, output iwe 5V. Sababu yangu ni kwamba fremu ya 5V inaendeshwa na pawabenki. Nyingi zinakula wati kama 5 mpaka 8, pawabenki ya mAh 10,000 inaisogeza masaa manne hivi, umeme ukikatika magharibi mama anaendelea kuona watu wake mpaka muda wa kulala. Kama tundu lake ni lile la duara la pini tafuta waya wa USB wenye kichwa hicho, zinapatikana, ukubwa wa pini upime kwanza. Na kwenye LUKU usiogope, ikiwaka masaa 16 kwa siku ni uniti 3 na kitu kwa mwezi. Weka setingi ya kujizima usiku na kujiwasha alfajiri, nyingi wanayo, unakuwa umeokoa umeme na kioo pia. Na huko Tanga umeme ukirudi unarudi kwa kishindo, mdogo achomeke kupitia TV guard, usiku mmoja tu adapta ikiungua mradi wote umelala.

Alafu fanya jaribio hili siku ya kwanza ikikufikia huko Reading: iwashe, picha zikiwa zinapita chomoa plagi ukutani. Subiri, chomeka tena, kaa mbali usiiguse. Ikijiwasha na kurudi kwenye picha zenyewe, hiyo inafaa. Ikikaa inasubiri mtu abonyeze batani, au inakuletea ukurasa wa mwanzo unauliza lugha, irudishe dukani mapema kabla muda wa kurudisha haujaisha. Mama hatobonyeza. Kila umeme ukikatika fremu itakaa giza mpaka jumamosi.

Nikuambie kisa kimoja. Kuna bibi Magomeni, mjukuu wake alimletea fremu akaniomba niende kuifunga. Nikaweka picha 200 hivi, zinabadilika kila sekunde 10 kama ilivyotoka kiwandani, nikakaa kidogo kuangalia. Ikatokea picha ya marehemu mzee, mume wake, amevaa kanzu kasimama na baiskeli. Bibi akaiona, akaweka kikombe chini, akashika mkono wa kochi, akasimama taratibu, anapiga hatua kuelekea kabatini, na kabla hajafika picha imeshapita, iko keki ya besdei ya mtu. Akasimama pale katikati ya chumba anaisubiri irudi. Picha 200, hairudi leo. Niliumia sana siku hiyo kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nikaweka dakika 2, na nikamwonyesha kwamba akiigusa mara moja picha inasimama. Tangu hapo kwa mtu mzima siweki chini ya dakika moja, na picha nyingi nazipunguza, 60 zilizochaguliwa zinamfaa kuliko 600. We pia fanya hivyo. Na kwa sababu hiyo chukua yenye tachi, sio ya rimoti, rimoti zinapotea na betri zake ndogo hakuna anayekwenda kuzitafuta.

Kuhusu picha zenyewe utakazotuma, watu wanasema picha za WhatsApp ni mbovu zisitumike. Kwa fremu hii hapana, WhatsApp ikibana picha inaacha karibu pikseli 1600 upande mrefu, skrini yako ni 1280, zinatosha. Shida ya WhatsApp ni nyingine: inafuta tarehe ya siku picha ilipopigwa, kwa hiyo ukipanga fremu ionyeshe kwa tarehe, harusi ya mwaka 2009 inakaa na picha za jana. Shida nyingine picha ikishapita kwenye magrupu matano kila mmoja anaipiga skrinishoti na kuituma upya, hiyo ndo inakuwa ukungu. Omba ya kwanza kwa aliyepiga. Kama mdogo atakuwa anaweka kwa memori kadi badala ya apu, kuna mambo mawili: iPhone tangu 2017 zinahifadhi picha kwa HEIC na fremu za bei nafuu nyingi haziifungui, kwenye setingi za kamera chagua "Most Compatible" zitoke JPEG, na kadi iwe GB 32 iliyofomatiwa FAT32, za GB 64 zinakuja na exFAT na fremu nyingine zinaikataa kadi nzima kama vile haipo.

Usisahau picha za zamani, na hapa naomba unisikilize kweli maana ndo zawadi yenyewe. Mama yako wa miaka 74 ana albamu mahali, na unyevu wa Tanga hauna huruma, zile zilizobanwa kwenye plastiki ya gundi zinaganda na kuota madoa. Jumamosi moja mdogo azitoe zinazotoka kirahisi, azilaze kwenye meza karibu na dirisha, jua lisizipige moja kwa moja, simu iwe juu kabisa imenyooka, flashi imezimwa, apige moja moja. Iliyoganda asiibandue, aipige hapohapo ndani ya albamu. Akipata pa kuskani, picha ya saizi ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa 300 dpi (nukta kwa kila inchi) inatoka kama pikseli 1800 kwa 1200, kwa fremu ni zaidi ya kutosha, ila mimi ningeweka 600 kwa sababu hamtorudia kazi hii tena. Na mama akiwa amekaa hapo mdogo awe anamuuliza majina, aandike. Kwenye apu ukituma picha unaweza kuweka maneno chini yake, weka jina na mahali, "Shangazi, Pangani, 1978", wageni wakija mama ana cha kuwasimulia.

Pia muulize mama mwenyewe kabla. Wengine hawapendi picha za marehemu zitokee ghafla, wengine ndo wanachotaka. Na sebule zetu za pwani mnazijua, mgeni yeyote anakaribishwa, sasa picha ya dada zako bila mtandio ilipigwa ndani siku ya henna ikijitokeza fundi bomba yupo pale, huo ni mtihani kwa mama. Kwenye fremu kuna kuficha picha, na kama ndipo anaposwali basi ikae chumba kingine au ijizime muda wa swala. Kwa sababu hiyohiyo zile namba ambazo fremu inatoa ili mtu aiunganishe na apu ya simu yake wape watu wawili watatu tu, usiziweke kwenye grupu la ukoo. Kila mwenye namba anatuma, na wiki haiishi fremu imejaa maua ya asubuhi njema na matangazo ya watu, wajukuu wamezama humo humo.

Kwenye ada, soma kabla ya kulipa. Kuna fremu ukishanunua bado unalipia kila mwaka ili utume video au uongeze nafasi, na kuna ambazo zinategemea huduma ya kampuni nyingine kabisa. Waliokuwa wanaunganisha albamu zao za Google Photos kwenye fremu zao walikuta tarehe 31 Machi 2025 Google imefunga ile njia, albamu zikaacha kujisasisha bila wao kugusa kitu. Frameo kutuma picha ni bure, wana huduma ya kulipia juu yake ila wewe huihitaji.

Na zile fremu zisizo na jina zenye bei ya kutupwa, zenye apu hujawahi kuisikia, kaa mbali nazo. Juni 2025 FBI walitoa tahadhari kuhusu vifaa vya Android vya majumbani vinavyotoka kiwandani na virusi ndani, na fremu za picha walizitaja kwa jina pamoja na vibox vya TV. Kifaa kina picha za familia yako na kinashika hotspoti ya mdogo wako, pauni 15 za tofauti sio za kuzililia.

Kuna watakaokushauri uchukue tableti ya zamani uisimamishe iwe fremu. Nimeshafungua tableti tatu za hivyo dukani kwangu, betri imevimba imesukuma kioo, kwa sababu betri ya tableti ikikaa kwenye chaja mchana na usiku kwenye joto kama la Tanga ndo inakoishia. Fremu nyingi hazina betri ndani na kwa kazi hii huo ni uzuri. Kama bajeti ingekuwa haipo kabisa ningekwambia weka picha kwenye flashi uchomeke kwenye TV ya mama, inafanya kazi, ila TV ikishakuwa na tamthilia picha hazina nafasi.

Kwa hiyo nunua hii: inchi 10.1, IPS, 1280 kwa 800, tachi, Frameo, memori ya ndani GB 32, adapta ya 5V, mguu wa kusimama. Pauni 100 inakutosha na chenji inabaki ya pawabenki. Ikifika usiifunge kwenye mzigo hivyohivyo. Iunganishe kwanza na waifai yako huko, iache ifanye apdeti zake, weka picha 40 ndani, weka dakika 2, weka saa za kujizima kwa saa za Tanga sio za kwako, fanya lile jaribio la plagi. Mwambie mdogo akutumie jina la hotspoti yake na nywila, kwenye simu yako tengeneza hotspoti ya jina hilohilo na nywila hiyohiyo, herufi kubwa na ndogo zifanane, unganisha fremu nayo. Ikifika Tanga itajiunga na simu ya mdogo yenyewe kama imezaliwa pale. Na kwenye adapta bandika kipande cha selotepu uandike FREMU YA MAMA, kwa sababu chaja kwenye nyumba ya watu wengi haikai siku tatu.